Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: tuanze na magamba

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunakuandikia kuhusu magamba na ngozi za samaki zinazotupwa kwenye mialo yetu, Kibirizi na kwingineko. Ndani yake mna kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na mifupa. Ukiipika unapata jelatini. Ukiikatakata jelatini hiyo kwa kimeng'enya (kichocheo cha asili kinachovunja protini) unapata peptidi, unga unaoyeyuka hata kwenye maji baridi. Watengenezaji wa vinywaji, virutubisho na vipodozi huununua, na jelatini yenyewe huenda kwenye maganda ya vidonge na vitambaa vya kufungia vidonda. Ombi letu ni moja: mkoa ukiamua kuingia kwenye kazi hii, usianze na kiwanda cha ngozi. Uanze na magamba.

Sababu iko kwenye namna samaki wetu anavyouzwa. Kiwanda cha ngozi hutegemea viwanda vya minofu, kama vile vya Mwanza vinavyochuna sangara wa Ziwa Victoria kwa tani. Huku kwetu dagaa huliwa mzima, na mgebuka hukaangwa au hubanikwa na ngozi yake. Ngozi inayobaki ni kidogo na imetawanyika, tena haingoji. Ikikaa juani saa chache huanza kuoza, mafuta yake huchacha, na harufu hiyo ikishaingia ni vigumu mno kuitoa, hata ukichuja kwa mkaa. Mashine ya bei kubwa bila barafu mwaloni itapokea uozo tu.

Magamba yana uvumilivu. Samaki hata akiuzwa mzima, huparuliwa kabla ya kuingia kikaangoni. Yakioshwa papo hapo, yakaanikwa kivulini juu ya wavu penye upepo, yakakauka hadi yalie kama makapi ukiyasugua kiganjani, hukaa kwenye gunia yakisubiri mzigo utimie. Hili lina uzito Kigoma. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kiwanda kinachokula ngozi mbichi kingefunga milango miezi mitatu, lakini ghala la magamba makavu lingeendelea kulisha kazi.

Kazi yenyewe ina sehemu moja ngumu, nayo ni kutoa madini. Karibu nusu ya gamba kavu ni madini ya kalisi na fosforasi, na yasipotoka, unga unakuwa na majivu na mnunuzi anaukataa. Magamba yaloweke kwanza usiku kucha kwenye maji ya chumvi ya asilimia 10 (chumvi ya Uvinza inatosha), kisha yaoshwe. Kwa kilo moja ya magamba makavu tumia lita 10 za asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa: mililita 42 za asidi kali ya asilimia 37 kwa kila lita. Asidi imiminwe kwenye maji. Maji yasimiminwe kamwe kwenye asidi. Wengi hukosea hapa kwa kuloweka mara moja tu. Madini ya kilo moja yanaweza kuimaliza nguvu asidi ya lita hizo 10 kabla hayajaisha, kwa hiyo imwagwe baada ya saa moja na nusu na iwekwe mpya. Gamba lililo tayari hukunjika kama karatasi iliyolowa. Likikatika kwa mlio, bado.

Baada ya kuosha hadi uchachu uishe, magamba hupikwa kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa saa chache. Yasichemke, maana moto mkali huivunja jelatini hovyo na kuipa rangi. Mchuzi ukichujwa huwekwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, kiasi cha asilimia 1 ya uzito wa protini, kwa nyuzi 55 na pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 7. Kila nusu saa chota kijiko, weka kwenye kikombe kilichozamishwa barafuni. Kikiganda, hiyo ni jelatini bado. Kikibaki majimaji, peptidi zimepatikana, na hapo kimeng'enya kiuawe bila kuchelewa. Papaini ni sugu kwa joto: nyuzi 90 kwa dakika 15 au zaidi. Ukiipa dakika tano inaendelea kukata ndani ya chupa, na ladha inageuka uchungu.

Kukausha kwa kunyunyizia, yaani kurusha mchuzi kama ukungu kwenye hewa ya moto hadi uwe unga, ndiko kunakohitaji mtambo wa gharama, na hatushauri ununuliwe mapema. Jelatini iliyokaushwa kwa vipande kwenye trei inauzika, na kwa mji wenye Waislamu wengi kama wetu, jelatini ya samaki huondoa shaka ya nguruwe. Samaki wa maji ya joto pia wana faida: jelatini yao huganda vizuri kuliko ya samaki wa bahari za baridi.

Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, yasiguswe. Yana kolajeni tele, lakini tayari yana soko lake la bei nzuri yakiwa makavu, na kuyasaga ni hasara.

Mambo mawili tunaomba yasimamiwe kwa mkono wako, Mheshimiwa. La kwanza ni maji ya asidi. Yasielekezwe ziwani hata ndoo moja. Yatiwe chokaa, mashapo meupe ya fosfeti yakusanywe kwa ajili ya mbolea, na maji yaliyobaki yapite kwenye bwawa lililosakafiwa chini ya macho ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. La pili ni maneno ya wauzaji. Peptidi hizi si dawa, na kwa kuwa hazina triptofani, kiungo cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, haziwezi kuwa protini kamili. Mama asiuziwe kama lishe ya mtoto. Kopo liandikwe wazi kwamba limetokana na samaki kwa ajili ya wenye mzio, na TBS (Shirika la Viwango) wapime risasi, zebaki, kadimiamu na aseniki kabla ya mzigo wa kwanza kutoka.

Kwa kuanzia tunaomba meza za kuparulia zenye maji safi pale Kibirizi, vichanja vya wavu vyenye paa, na chumba kimoja chenye hewa ya kutosha cha kufanyia kazi ya asidi, kwa msimu mmoja. Kina mama wanaoparua samaki walipwe kwa kilo ya magamba makavu, na bei ibandikwe ukutani mwaloni.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Wachakataji wa samaki, Kigoma