Barua ya malalamiko: draiva ya kadi yangu na kijana wenu wa kaunta

Tororo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: SHILINGI 80,000 ZA KUSASISHA DRAIVA

Salaam. Masharti yenu ya dhamana yamebandikwa ukutani juu ya kaunta. Niliyasoma mara tatu nikingoja, kwa hiyo siyarudii.

Kompyuta ni ya nyumbani, niliileta kwa sababu programu ya kuhariri video ilikuwa ikijifunga yenyewe. Fundi wenu akasema imezeeka draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi inayotoa picha kwenye skrini. Jioni akasema tayari, nikalipa, nikapanda basi la kutoka Kampala hadi Tororo na CPU, yaani kasha la kompyuta, mapajani, kilomita zaidi ya 200.

Nilipoiwasha, herufi zilikuwa zimevimba kama za bango la uchaguzi, na programu ya video haikufunguka kabisa. Nami nilikuwa na video ya kwanjula, sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, ya kuwakabidhi wenyewe Jumamosi.

Nikarudi Kampala. Hapa, Bwana Meneja, naomba usome polepole. Kijana wenu wa kaunta, bila hata kuichomeka CPU yangu kwenye umeme, aliwageukia watu waliokuwa wakingoja akasema: "Mama huyu dereva wake amemkimbia na gari." Watu wakacheka.

Aliyenisaidia ni mpwa wangu, mwanafunzi wa S.4, mwaka wa nne wa sekondari. Alifungua orodha ya vifaa vya Windows akanionyesha: mahali pa kadi ya picha pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Maana yake Windows inaendesha skrini kwa draiva yake ya akiba, na kadi yangu imelala. Kadi yenyewe ni GeForce GT 730 ya kizazi cha Kepler. Kadi hizo NVIDIA, watengenezaji wake, ilishaziacha nje ya draiva zake mpya tangu 2021, zake ni za tawi la 470, yaani matoleo ya zamani yanayoanza na namba hiyo. Tena jina hilohilo la GT 730 liko pia kwenye kadi za Fermi, kizazi kilichotangulia Kepler, ambazo draiva zake ni za zamani zaidi, ndiyo maana mtu hutazama kwanza namba ya utambulisho ya kadi, si jina tu, kabla ya kupakua chochote. Fundi wenu alifuta draiva iliyokuwa ikifanya kazi, akaleta mpya kuliko zote, ikaikataa kadi, naye akafunga kava akaandika risiti. Data ya kupakua draiva sahihi nimenunua mwenyewe.

Nimesahau jambo. Siku ile ya kwanza, kabla sijalipa, nilimwomba aiwashe nione. Akasema umeme umekatika. Taa ya duka ilikuwa inawaka.

Narudi kwa huyo kijana, maana silali. Nilikuwa nimeikumbatia CPU, nimeifunga kwa leso, kamba ya boda imenichubua kiganja. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu ichomeke kwanza uone." Hakuinua macho kwenye simu yake. Kisha ndipo akageuka: "Mama huyu dereva wake amemkimbia na gari!" Mzee mmoja kwenye benchi alicheka hadi akakohoa. Halafu, watu bado wanacheka, nikaambiwa kuiangalia tena ni shilingi 50,000. Mimi nina wajukuu, Bwana Meneja.

Nilipoanza kuandika nilitaka 80,000 zangu tu. Sasa nataka na nauli za safari zote mbili, na 300,000 za malipo ya awali ambazo nimewarudishia wenye kwanjula. Na kijana huyo aniombe radhi palepale kaunta, watu wakiwepo, si kwa simu.

Nawapa siku 14. Zikipita, nakwenda mahakama ya madai madogo, inayopokea madai yasiyozidi milioni 10 na haihitaji wakili. Risiti ninayo, picha za skrini ninazo. Na yule mzee aliyecheka alinifuata nje kuomba msamaha, akanipa namba yake ya simu.

Wasalaam,
Mteja wenu