Zile tembe ulizoziacha

Nakuru, Jumapili jioni

Mpendwa Adhiambo,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mvua imeanza na mahindi yameota vizuri. Natumai mama hajambo, na joto la Kisumu limepungua kidogo.

Juzi uliponiambia kwa simu kwamba zile tembe za amitriptilini umeziacha, kwa kuwa wifi yako amesema ni dawa za wagonjwa wa akili, nilihuzunika sana. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili linataka utulivu, na utaweza kulisoma tena ukiwa peke yako.

Wifi yako hakudanganya. Amitriptilini ilianza kutumika miaka ya 1960 kama dawa ya sonona, ile huzuni nzito isiyotoka. Lakini unajua nafanya kazi katika duka la dawa, na wengi ninaowapa tembe hizo wana maumivu ya neva: wenye kisukari wanaochomwa nyayo usiku, waliougua mkanda wa jeshi, na watu kama wewe ambao mgongo uliumia kisha uchungu ukateremka mguuni. Daktari hakukuona mwongo, wala hakukuona mwehu.

Sikiliza ilivyo. Habari ya kuumia hupita kwenye neva za mguu hadi uti wa mgongo, na kutoka hapo haipandi tu kichwani bila kuzuiwa. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, waliandika kwamba pale kwenye uti wa mgongo pana kitu kama lango, linaloweza kuachwa wazi au kubanwa, na ubongo nao una mkono katika kulibana. Miaka minne baadaye mtafiti David Reynolds alipitisha umeme katikati ya ubongo wa panya, akawapasua tumbo bila dawa ya usingizi, na hawakuonyesha kuumia. Kutoka huko ubongoni kuna njia ya neva inayoshuka hadi uti wa mgongo kupunguza habari ya maumivu, na miongoni mwa kemikali inazotumia ni serotonini na noradrenalini. Hizo hizo ndizo zinazohusika pia na furaha, huzuni na usingizi. Amitriptilini huzifanya zikae muda mrefu zaidi kati ya neva na neva. Ndiyo sababu dawa moja inagusa huzuni na maumivu, na kwa maumivu dozi yake kwa kawaida huwa ndogo kuliko ile ya sonona. Tena haifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki kadhaa, na wengi huiacha katikati wakidhani imeshindwa.

Sasa hili la uvivu, ambalo najua ndilo linalokuuma zaidi. Shemeji anasema cherehani yako pale Kibuye imefunikwa na wewe unashinda kitandani hata siku ambazo mgongo umetulia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa taarifa ya utafiti juu ya panya wenye maumivu ya muda mrefu. Panya hao walipata chakula kwa kuingiza pua kwenye tundu, na kila walipopata, idadi ya kuingiza pua ili wapate tena iliongezwa. Wenye maumivu walikata tamaa mapema kuliko wenzao. Walipewa dawa ya kutuliza, maumivu yakapungua, lakini ari haikurudi. Ndani ya ubongo wao, katika eneo dogo liitwalo nukliasi akumbensi, watafiti walikuta mawasiliano ya neva fulani yamedhoofika. Hapo ndipo dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, humsaidia kiumbe kupima kama jambo linastahili jasho lake.

Adhiambo, panya hajui kudeka wala kujifanya. Mtu si panya, hilo nakubali, lakini niliposoma habari hiyo nilikuona wewe: mwili umetulia, na bado ile nguvu ya kusema "leo nashona" haiji. Maumivu yakikaa sana hubadilisha hata sehemu za ubongo zinazotufanya tutake kitu. Anayekuita mvivu hajui anachokisema, na nasema hivyo nikimheshimu shemeji.

Kuhusu mgongo wako kukaza kila matatu inapokaribia Ahero, pale mlipopata ajali, kuna habari moja ya zamani. Daktari wa Geneva, Édouard Claparède, aliandika mwaka 1911 juu ya mama mmoja aliyeshindwa kushika kumbukumbu mpya, hata daktari wake alikuwa mgeni kwake kila wakikutana. Siku moja daktari alificha pini kiganjani, akamwamkua kwa mkono na kumchoma. (Sikupenda alichomfanyia, maskini.) Baadaye yule mama hakulikumbuka tukio, lakini aliponyoshewa mkono aliurudisha wake nyuma. Alipoulizwa sababu, alisema tu kwamba huenda watu huficha pini mikononi. Leo inajulikana kwamba kumbukumbu ya matukio hutegemea sana sehemu iitwayo hipokampasi, na hofu tuliyojifunza hupitia nyingine, amigdala. Kwa hiyo hata ukijiambia njia yote kwamba ajali imepita, kuna sehemu yako ambayo haingoji maneno yako. Ndiyo maana unaogopa kuinama pia. Hofu hiyo hulegea polepole, kwa kusogea kidogo kidogo na mtu wa mazoezi ya viungo akiwa karibu, wala haiondoki kwa kukaripiwa.

Nakuomba mambo mawili. Usizianze tembe tena peke yako. Zibebe kliniki, umwambie daktari ukweli kwamba uliziacha na kwa nini. Halafu usiishie kumwambia habari za mgongo. Mweleze usingizi ulivyo, mweleze huna hamu ya kazi, mweleze machozi yale uliyonificha kwa simu nikayasikia. Yote ni ya ugonjwa mmoja na anahitaji kuyajua.

Mwambie wifi nitampigia Jumamosi jioni nikitoka kazini, nimweleze mwenyewe, taratibu.

Rafiki yako,
Nekesa