Nimekimbizwa na kiboko, nikakukumbuka wewe

Mama Neema shoga angu, mambo? Huku wazima, wifi yako kajifungua wa kike, dagaa wa kubahatisha. Najua umeninunia tangu Pasaka, nitajieleza siku nyingine.

Juzi alfajiri nimeshuka mwaloni hapa Igombe kuwahi mitumbwi, giza bado, nikaona kama jiwe kwenye matete, mara jiwe likapumua. Kiboko! Mimi huyu wa magoti nilitoka nduki nikaruka kichanja cha dagaa, na ndoo nimeishika. Ndoo! Kuja kushtuka nipo uani kwa mama Bhoke, mdomo mkavu kama nimelamba majivu, moyo unapiga kama ngoma za Bagalu, mguu umechanika na wala sikusikia.

Jioni namsimulia Rehema wa zahanati, akacheka weee, ndo akanieleza. Ubongo ukiona hatari unavishtua vitezi fulani vilivyokaa juu ya figo kama kofia, vinamwaga adrenalini kwenye damu, hapo hapo moyo mbio, njia za hewa zinatanuka, ini linaachia sukari, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linaambiwa wewe subiri, na mate yanakauka. Hiyo dakika chache tu imekwisha. Nyuma yake inakuja homoni nyingine, kotisoli, yenyewe taratibu, inashikilia sukari isipungue mpaka hatari ipite. Kiboko akirudi majini na yenyewe inashuka.

Sasa wewe na ule mkopo wako wa kausha damu. Rehema anasema simu ya yule kijana wa marejesho kila asubuhi, kwa mwili ni kiboko yuleyule, ila huyo harudi majini. Kotisoli ikikaa juu miezi na miezi usingizi unakata, presha inapanda, sukari inapanda, mafua kila siku. Na uliniambia unaamka saa tisa usiku kuhesabu hela ambayo huna, mimi nikakwambia umerogwa! Nisamehe jamani. Kiboko wangu kanisumbua dakika tano, wako tangu mwaka jana, halafu mi ndo nilikuwa nakucheka unavyokonda...

Presha umepima lini? Umebakiza marejesho mangapi, na usinidanganye? Baba Neema anajua au bado unamficha? Nije Jumamosi? Kivuko si kisingizio tena, nitapita darajani Busisi mapema. Dagaa nikuletee wa kukaanga au wa kuanika?