Ukitosha dosie tribinali, miaka inaendelea kuhesabika

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu ju hii mambo ya kutosha dosie (kuondoa kesi) tribinali inaumiza watu wengi huku Lubumbashi, zaidi wale wa sutretansi (kampuni ndogo zenye kufanyia kazi kampuni kubwa) ya kwenye migodi, na hakuna mtu anaisemaka waziwazi.

Mtu anafukuzwa kazi, mishahara ya miezi inabakia kwa patroni, anaenda tribinali ya kazi anafungua dosie. Patroni akipata konvokasio (barua ya kuitwa tribinali) anaanza kupiga simu, ndugu yangu kwa nini tupelekane mbele ya majaji, tosha ile mambo, mwisho wa mwezi kuja uchukue makuta yako. Mfanyakazi ako na njaa, watoto wamefukuzwa masomo, anaitika, anasaini karatasi ya kujiondoa. Mwisho wa mwezi unapita, na mwingine, na mwingine. Siku anachoka na kurudi tribinali, avoka wa patroni anasimama na neno moja tu: preskripsioni, maana yake muda wa kushtaki umeisha.

Wengi wanawaza kama mara moja ulifungua dosie, muda umesimama mpaka leo. Hapana! Ni kweli ukishtaki hesabu ya miaka inakatika (ile iliyopita haihesabiwe tena), lakini sheria ya kiraia inasema mwenye kushtaki akijiondoa mwenyewe, ni kama hakushtaki hata siku moja. Na upande wa kazi muda wenyewe ni mfupi sana: artikle 317 ya Kode ya Kazi ya 2002 inatoa miaka 3 kwa mambo ya kontra, lakini kwa mshahara ni mwaka 1 tu, tangu siku ulipaswa kulipwa. Kwa kesi za kiraia za kawaida muda unafika miaka 30, njo maana mtu akisikia jirani amefungua tena kesi ya parseli (kiwanja) ya zamani anafikiri na yeye ako na wakati.

Ile ile artikle iko na dawa na watu hawaijue. Muda unakatika pia kama wewe na patroni mumefunga hesabu na deni iliyobaki imeandikwa, ao umempelekea reklamasio (madai yako) kwa barua na akasaini kama ameipokea, ao umepeleka malalamiko yako kwa Enspektere wa Kazi. Basi patroni mwenye kuomba utoshe dosie, aandike kwanza deni na asaini. Akikataa, dosie ibaki pale pale, mtaomba jaji remisi (kusogeza kesi siku ingine) wakati mnasikilizana, hakuna lazima ya kuitosha.

Naomba sana wagrefye (makarani wa tribinali) na maavoka wetu: mtu akileta ile karatasi, mumusomee kwa Kiswahili mbele asaini, ajue kama anaacha enstansi tu (ile kesi iliyofunguliwa), ile anaweza kurudisha kama muda ungaliko, ao anaacha aksio yote, maana ya pili ni kuacha haki yenyewe na hapo hata siku moja hairudi tena.

Msomaji wenu,
Komini ya Kenya, Lubumbashi