Msituombee Amin mwingine

Mhariri,

Nimechoka kusikia vijana wakisema Kenya inahitaji rais kama Idi Amin wa Uganda, eti aliwafukuza Wahindi akawapa Waafrika mali. Enzi hizo nilikuwa na duka Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, na naomba nafasi niwajibu.

Ni kweli, Agosti 1972 aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Lakini maduka yao mengi yaliangukia wanajeshi na jamaa zao, watu wasiojua bidhaa huagizwa wapi wala bei hupangwa vipi. Waliuza kilichokuwa rafuni, kilipokwisha wakafunga. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora. Wateja wangu walitoka Tororo, wengine Mbale, kule Uganda, wakitafuta chumvi, sukari, kiberiti na sabuni. Mwalimu mzima alinunua nusu mche wa sabuni, akauficha ndani ya nguo kabla ya kuvuka.

Kahawa nayo ikaja kwetu. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda duniani, na mkulima wa Uganda aliyelipwa kiduchu na serikali yake akaivusha usiku hadi Chepkube, soko la magendo upande wetu wa mpaka. Huku Bungoma kuna nyumba zilizojengwa kwa magendo yale, sikatai. Ila waliobeba yale magunia walijua wanajeshi wameamriwa kuwapiga risasi.

Tena Februari 1976 Amin huyohuyo alidai kuwa magharibi mwa Kenya ni sehemu ya Uganda, yaani sisi sote. Mwaka huohuo Esther Chesire, binti Mkenya aliyesoma Makerere, alikamatwa uwanja wa ndege wa Entebbe akirudi nyumbani. Hakuonekana tena. Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alinyakuliwa mahakamani mwaka 1972. Ikiwa jaji mkuu hakupata wa kumtetea ndani ya mahakama yake, kijana wa bodaboda angemlilia nani?

Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoingia Kampala Aprili 1979, Amin alitoroka. Alifia Jeddah mwaka 2003 bila kushtakiwa hata siku moja. Hilo linaniuma hadi leo.

Mhariri, tuma mwandishi Malaba, Busia, Lwakhakha na Chepkube awarekodi waliouza na waliovusha. Wengi wamekwisha kufa. Mimi niko tayari hata wiki ijayo.

Mama duka mstaafu,
Bungoma