Farasi anayetikisa kichwa: kabla ya mkandaji, tochi sikioni

Mhariri,

Wapo wamiliki wa farasi, kuanzia Karen, Nairobi, hadi Nanyuki, ambao farasi akianza kutikisa kichwa humwita mkandaji kwanza na daktari wa mifugo mwisho. Hatuna ugomvi na tiba ya mikono. Tatizo ni utaratibu huo, na zaidi ya hapo ni kwamba hakuna anayehesabu chochote kabla ya kukanda wala baada yake, kwa hiyo hakuna anayejua kama pesa yake imefanya kazi.

Farasi wote hutikisa kichwa wakisumbuliwa na nzi. Tunayemzungumzia ni yule anayekirusha juu ghafla kana kwamba nyuki amemchoma puani, akakoroma, kisha akajisugua pua kwenye mguu wa mbele hata katikati ya mwendo. Kazi humzidishia, na wengi wao huzidiwa juani. Mara nyingi mgonjwa wa namna hii ana hitilafu katika mshipa mkubwa wa fahamu wa uso, ule unaoleta hisia kutoka puani na mdomo wa juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliupima kwa umeme wakakuta kwamba wa farasi mgonjwa huamka kwa miliampea 5 au pungufu, ilhali wa farasi mzima huhitaji 10 au zaidi. Chini ya hadubini mshipa wenyewe hauna jeraha. Umekuwa mwepesi mno kuamka, basi, na hakuna fundo la kufungua kwa kidole gumba.

Mikono inaingilia wapi hapo? Nyuzi za mshipa huo hushuka hadi sehemu ya juu ya uti wa mgongo, usawa wa pingili za kwanza za shingo, na huko hukutana na nyuzi za fahamu za shingo yenyewe. Shingo na kisogo vilivyokaza vinaweza kuuchochea uso. Hiyo ni hoja yenye mantiki, haijawa ushahidi. Kuna sababu ya pili, ndogo lakini ya uhakika zaidi: farasi anayerusha kichwa mara mia kwa saa huumia shingo kwa kurusha kwenyewe, na maumivu hayo yanaweza kupungua kwa kukandwa hata kama chanzo hakijaguswa. Anayedai zaidi ya hapo, hasa anayesema anasogeza mifupa ya fuvu kwa vidole, aulizwe amepimaje.

Sasa tochi. Kupe mwenye miguu myekundu anapatikana kotekote Afrika Mashariki, na akiwa mchanga hujificha ndani kabisa ya tundu la sikio la farasi na punda. Ukimulika nje tu humwoni. Farasi mwenye kupe sikioni hutikisa kichwa, hukiinamisha upande mmoja na hakubali kuvishwa hatamu. Usichokonoe kwa kijiti. Wala usimwage dawa ya josho la ng'ombe: ile yenye amitrazi huweza kuusimamisha utumbo wa farasi na kumuua. Daktari atampa dawa ya kumtuliza, aangalie kwa kifaa, awatoe.

Kinywa kinafuata. Magego yenye ncha kali hukata shavu, na jino dogo linaloota mbele ya magego ya juu huweza kugongwa na lijamu. Macho, tundu za pua na koo navyo vina magonjwa yake, na mengine huhitaji kamera ndefu au picha ya eksirei. Tandiko linalobana mabega ni jambo ambalo saisi mzoefu huliona kabla ya daktari, asikilizwe.

Kuna jaribio ambalo kila zizi linaweza kulifanya bila gharama. Mzungushe farasi kwa kamba ndefu dakika 10, bila tandiko, bila lijamu, akiwa na hatamu ya kufungia tu. Kesho saa ileile ongeza tandiko. Keshokutwa ongeza lijamu. Mwisho apandwe. Akianza kurusha kichwa pale lijamu lilipoingia, tafuta kinywani; akianza alipopandwa, tafuta mgongoni, kwenye tandiko, na kwenye mikono ya mpandaji. Anayerusha tangu siku ya kwanza, hana chochote mwilini zaidi ya hatamu, ndiye wa kushukiwa mshipa, na daktari anaweza kulipima hilo kwa kuutia mshipa ganzi na kuona kama kurusha kunapungua.

Dalili za ugonjwa huu hupanda na kushuka zenyewe, na ndipo wengi hudanganyika. Katika uchunguzi wa Marekani wa farasi 109 uliochapishwa 2001, zaidi ya nusu walikuwa na majira: dalili zilikuja na kuondoka kila mwaka. Kwetu ikweta urefu wa mchana haubadiliki, lakini mawingu ya Julai jijini Nairobi si jua la Januari. Mkandaji akianza kazi mwishoni mwa Mei na farasi akatulia Juni, kilichomtuliza ni mikono au mawingu? Zaidi ya hayo, macho ya mwenye farasi ni shahidi dhaifu. Uingereza walijaribu kirutubisho cha chakula kwa farasi 32 wanaotikisa kichwa, wamiliki wasijue ni lini wanalisha dawa na ni lini wanalisha unga usio na kitu. Wamiliki waliona nafuu kwa vyote viwili. Dawa haikuushinda unga.

Kwa hiyo hesabu. Kwa wiki 2 kabla ya kumwita mkandaji, mpige farasi video mara 3 kwa wiki: mahali palepale, saa ileile, dakika 2 za kutembea na 3 za mwendo wa troti kwa kamba. Andika jua, upepo, mvua, nzi, chakula. Baadaye mtu asiyejua video ni ya tarehe gani ahesabu marusho kwa dakika. Katika kipindi hicho chote usibadilishe kitu kingine. Ukianza kukanda, ukabadilisha lijamu na ukaongeza magnesiamu wiki ileile, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kukanda kwenyewe kufanyike kivulini, kwenye ardhi isiyoteleza, baada ya farasi kutembezwa dakika 10. Asifungwe, saisi ashike kamba ikiwa legevu. Wote wawili wasimame ubavuni, maana kichwa kikirushwa ghafla huvunja pua ya mtu. Mara ya kwanza dakika 20 zinatosha, baadaye 40.

Usianze na uso. Anza pale shingo inapokutana na mgongo, kisha shuka begani. Msuli wa kuushughulikia sana ni ule mrefu unaotoka nyuma ya kisogo, ukapita upande wa chini wa shingo hadi juu ya mguu wa mbele. Upitie polepole kwa kiganja, kisha kwa ncha za vidole, dakika 4 au 5 kila upande. Ukikuta mahali pagumu, tulia hapo kwa nguvu isiyozidi ile unayotumia kujua kama parachichi limeiva, usubiri. Farasi akipepesa macho, akilamba midomo, akipiga miayo au akiinamisha kichwa, endelea. Akilaza masikio nyuma, akipiga mkia au akiinua kichwa na kubana pumzi, punguza nguvu au ondoa mkono. Mkandaji anayekaza zaidi hapo, akisema "ndiyo inatoka", hajui kazi.

Kwenye kisogo, tafuta ule mfupa bapa wa pingili ya kwanza unaoshikika nyuma ya taya. Weka vidole juu yake, mkono mwingine juu ya mfupa wa pua, umwelekeze kichwa kushoto na kulia kidogo tu, mara 5 au 6, akifuata mwenyewe. Kuzungusha kwa nguvu au kutegua shingo kwa mshtuko kusifanywe na mtu asiye daktari. Msuli wa taya na ule ulio juu ya jicho, duara ndogondogo kwa dakika moja kila mmoja.

Lipo eneo la kuepuka. Chora mstari kutoka pembe ya mfupa juu ya tundu la pua hadi mwanzo wa ukingo wa mfupa wa shavu. Katikati ya mstari huo, sentimita 2.5 hivi juu yake, ndipo mshipa tunaoushuku unapotoka kwenye fuvu. Kupabonyeza ni kuamsha kilekile unachotaka kilale. Hapo kiganja bapa kinatosha, na farasi akikataa, acha.

Kazi nzito isifanywe kwa saa 24. Siku nyingine saisi anaweza kumnyoosha kwa karoti: kidevu hadi kifuani, hadi kwenye kiwiko, hadi ubavuni, mara 5 kila upande. Utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba mazoezi ya namna hii, siku 5 kwa wiki kwa miezi 3, hukuza misuli midogo inayoshikilia mgongo. Kuhusu kutikisa kichwa haukusema lolote, na asitokee mtu wa kuunukuu kana kwamba umesema.

Vikao 4, kimoja kwa wiki, ndiyo kipimo cha haki. Marusho, yakihesabiwa kwa njia ileile, yasipopungua angalau kwa nusu ya hesabu ya mwanzo, simamisha. Wavu wa puani ni rahisi kuliko kikao kimoja, na robo ya wamiliki waliochunguzwa Uingereza waliripoti nafuu ya asilimia 70 au zaidi. Soksi ndefu ya nailoni iliyoshonwa kwenye hatamu inatosha kujaribia. Kipande cha chandarua cha mbu kilichotiwa dawa hapana: dawa hiyo huwasha pua, na pua ndiyo inayolalamika. Waliofika mbali zaidi hutumia umeme wa kutuliza mshipa kupitia sindano chini ya ngozi. Nafuu ilipatikana kwa farasi kama nusu ya waliotibiwa, baadhi yao kwa muda tu, na farasi huhitaji vikao vitatu. Kama matibabu hayo, yenye daktari, dawa ya kutuliza na vipimo, yanafikia nusu tu, mkandaji anayeahidi kuponya wote asilipwe kabla ya kazi.

Tahadhari ya mwisho ni kwa usalama wa watu. Farasi aliyebadilika ghafla, anayejisugua kichwa huku akitoa udenda, akishindwa kumeza au akiwa mkali kuliko kawaida yake, asikandwe wala asitiwe mkono kinywani. Kichaa cha mbwa huwapata farasi na punda pia. Mtenge, orodhesha waliomgusa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na yeyote aliyepatwa na mate yake kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja majibu.

Wako,
Wafugaji wa farasi,
Nanyuki