Kwa nyumbani: kuhusu mbinguni, Jehanamu na baba mdogo

Baba, Mama, shikamooni. Nawe mdogo wangu, hujambo? Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na Mungu ananitunza.

Ujumbe wa sauti mlioutuma baada ya mazishi ya baba mdogo nimeusikiliza mara nyingi. Mdogo wangu ameuliza kwa uchungu: mhubiri aliposema pale kaburini kwamba anayekufa nje ya kanisa ameshauchagua moto mwenyewe, alikuwa anamsema baba mdogo? Na kama Mungu ni upendo, anawezaje kumtupa mtu motoni milele? Mama hakusema neno. Nilimsikia akivuta pumzi tu. Nimeona heri niandike, mpate kusoma polepole na kurudia panapobidi.

Nianze na baba mdogo. Mama, usijitwike hukumu ambayo hukupewa. Hata Kanisa Katoliki, ambalo Baba amelelewa humo na ambalo limewatangaza watakatifu wengi kwa majina, halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Hukumu ya mtu mmoja mmoja wanamwachia Mungu, na hapo hata sisi Walutheri tunakubaliana nao. Mkumbuke yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakuwa na ubatizo, hakuwa na miaka ya ibada, wala hakuwa na muda wa kurekebisha lolote alilolivunja. Alichoomba ni kukumbukwa tu, akajibiwa, “Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Yaliyopita kati ya baba mdogo na Mungu katika usiku wake wa mwisho hatuyajui, na mhubiri yule hakuwa na namna ya kuyajua. Kuwatisha wafiwa mbele ya kaburi lililo wazi si Injili. Nalisema hilo bila kusita.

Ila mdogo wangu, nisikufariji kwa uongo. Siwezi kukuambia Jehanamu haipo. Yesu ameitaja kwa kinywa chake mwenyewe, na katika Mathayo 25:46 adhabu ya milele na uzima wa milele zimewekwa katika sentensi moja. Origeni wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa katika karne ya 3, alitumaini kwamba mwishowe viumbe wote watarudi kwa Mungu. Ni tumaini linalovutia, hata mimi linanivuta, lakini Kanisa lililikataa kama fundisho katika karne ya 6. Kama kila mtu lazima aingie, apende asipende, basi hakuna aliyechagua kitu.

Namna ilivyo, Wakristo hawasemi sauti moja, na hata ukoo wetu unajua hivyo. Shangazi, kwa kuwa ni Msabato, atakuambia wafu wamelala na hawajui neno lolote, kama isemavyo Mhubiri 9:5, na kwamba waovu watateketea wasiwepo tena, si kuteswa bila mwisho. Baba atakuambia kuna toharani kwa wanaokufa katika neema lakini bado wanahitaji kutakaswa. Sisi hatuifundishi. Tofauti hizo si ndogo, lakini usizifanye kisingizio cha kuliacha swali lenyewe. Wote watatu tunakiri kwamba Kristo atakuja kuhukumu wazima na wafu, na kwamba tunavyomwitikia Mungu sasa kuna uzito wa milele.

Sasa swali lako la upendo. Soma Mathayo 25 kwa makini. Ufalme, Mfalme anasema, umewekwa tayari kwa ajili ya watu tangu kuumbwa ulimwengu. Moto je? Umewekwa tayari kwa Ibilisi na malaika zake. Hausemwi kwamba uliandaliwa kwa ajili ya watu. Anayefika huko amekwenda mahali ambapo hapakuandaliwa kwa ajili yake. Tena Yesu alipotaja Jehanamu, wasikilizaji wake walilijua bonde la Hinomu, hapo kusini mwa Yerusalemu, ambako wazee wao waliwateketeza watoto wao wenyewe kwa miungu. Katika Yeremia 7:31 Mungu anasema juu ya ukatili huo kwamba hakuuagiza, wala haukuingia moyoni mwake. Moto wa bonde lile uliwashwa kwa mikono ya watu. Na katika Ezekieli 33:11 anaapa kwa uhai wake kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu, bali aiache njia yake, akaishi. Huyo ndiye Mungu tunayemzungumzia. Ukimsikia mtu anahubiri Jehanamu kwa raha, ujue hajajifunza kwa huyu.

Mfano ulioniingia zaidi ni ule wa tajiri na Lazaro, Luka 16. Utotoni tulikuwa tukitazama ndimi za moto tu. Siku hizi natazama anavyoongea yule tajiri. Yuko katika mateso, na bado anataka Lazaro atumwe: amletee maji kwa ncha ya kidole, kisha aende kwa ndugu zake watano. Hasemi naye moja kwa moja, wala hamwombi radhi. Jina lake analijua, kwa hiyo pale getini alimjua vizuri, akawa anampita kila siku na vidonda vyake. Wala haombi kutoka huko aliko ili akakae na Lazaro. Ibrahimu anamwambia kuna shimo kubwa kati yao. Mimi nikisoma naona shimo hilo lilianza kuchimbwa getini kwake, wakati ambapo hatua moja ingetosha kulivuka.

Huku nawahudumia wazee, na nimeona jambo linalonifanya niamini mambo haya kuliko mahubiri mengi. Yupo bibi mmoja katika chumba cha mwisho wa korido. Picha ya binti yake ameigeuza ikatazama ukuta. Binti huja na maua, hukaa mapokezi na koti lake hajalivua, akisubiri. Nikiingia kumwambia bibi kwamba ana mgeni, hunitazama kwa macho makavu kabisa na kusema, “Mwambie nimelala.” Nikimwekea maua mezani, huniamuru niyatoe. Akibaki peke yake hulia, nasikia nikipita na dawa. Walikosana juu ya nini sijui, wala simhukumu. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba mtu anaweza kuikataa furaha iliyomfuata mpaka kitandani, akaumia kwa kuikosa, na bado akaendelea kuikataa. Katekisimu ya Katoliki ya mwaka 1992, namba 1033, inaielezea Jehanamu hivyo hivyo: hali ya mtu kujitenga mwenyewe, kabisa na bila kurudi, na Mungu na wenye heri. Namwombea bibi yule kila nikimfunika blanketi.

Ndiyo maana sipendi mbinguni ihubiriwe kama mahali pa kukimbilia moto tu. Katika Ufunuo 21 mji unashuka kutoka kwa Mungu, na maskani yake inakuwa pamoja na wanadamu. Atafuta kila chozi, mauti haitakuwapo tena. Milango haifungwi mchana, na usiku haupo. Tumaini letu ni kukaa na Mungu mwenyewe, katika miili iliyofufuliwa, na pamoja na wote aliowasamehe, hata wale ambao sisi hatujawasamehe. Mtu asiyetaka kukaa nao atafurahia nini huko?

Kuchagua, basi, ni nini? Musa aliwaambia Israeli, “Basi chagua uzima.” Sala ya toba naiheshimu. Wengi wameanzia hapo, na mimi nilianzia hapo. Lakini kuinua mkono kwenye mkutano si mwisho wa kuchagua. Wala simaanishi tununue mbinguni kwa matendo, kwa maana tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na hiyo ni zawadi. Zawadi huwa yako unapoipokea, na mikono iliyokumbatia kinyongo haina nafasi ya kupokea. Kila siku moyo unasogea upande mmoja au mwingine, kidogo kidogo, mpaka unakuwa na mazoea ya nuru au ya giza.

Mdogo wangu, kabla hujaniandikia tena soma Luka 15, na usiishie kwa mwana mpotevu. Endelea mpaka kwa kaka yake. Karamu imeanza, ngoma inasikika, naye amegoma nje. Baba ndiye anayetoka kumsihi. Kaka anasema “huyu mwana wako,” hataki hata kumwita ndugu. Baba anamrudishia: “huyu ndugu yako.” Na Yesu hatuambii kama aliingia. Mwenyewe nimelisumbukia jambo hilo mno. Baba hakumfukuza, hakumpiga, na chochote alicho nacho amesema ni chake. Kilichobaki ni yeye kuvuka kizingiti, tena mkono wa baba ukiwa begani mwake.

Baba, hapa nakuomba radhi, maana mimi ni mtoto na sina haki ya kukufundisha. Mama hajaniambia kitu, msigombane kwa ajili hiyo. Lakini nimesikia kwamba wewe na baba mkubwa mlikaa pande mbili za kaburi la mdogo wenu, mkaondoka bila kupeana mkono. Mambo ya kiwanja nayajua, na najua nani alianza. Sisemi hukudhulumiwa. Nasema baba mdogo ameondoka akiwa hajawaona mmekaa meza moja, na mliobaki ni wawili tu.

Nimempigia baba mkubwa jana. Anasema akikuona unakuja, hataondoka. Yeye kuja kwanza hawezi, anaona haya. Nimemwambia nitakufikishia, na sasa nimekufikishia. Jumamosi yupo nyumbani kutwa. Mdogo wangu anaweza kukusindikiza, magoti yako yasikusumbue njiani.

Mama, nipigie usiku ukipata nafasi. Niko zamu ya mchana wiki hii.

Mwanenu, anayewaombea.